Mkeka Ulioripoti Kazini

Jumatano asubuhi Hyasinta alikuwa jikoni anakoroga uji wake, mzima wa afya, hana hata mafua, aliposikia wanawake wanakuja wakimlilia.

"Uwii, mama Boni wetu! Uwii, tumepatikana!"

Aliyetangulia alikuwa Marcelina, jirani yake, mwanamke mwenye kifua cha kupigia mbiu. Nyuma yake lilifuata kundi zima la Bugwema, khanga viunoni, kila mmoja na kijungu au kifuko cha unga kichwani. Hyasinta alitoka na mwiko mkononi.

"Marcelina, nani amekufa?"

"Wewe kaa chini. Mfiwa haulizagi."

Wakamnyang'anya mwiko, wakatandika mkeka katikati ya uwanja, wakamkalisha. Uji ukaungulia jikoni.

Hakufa mtu. Kilichokufa ni udiwani. Jana yake matokeo yalisomwa pale shuleni, mwaka ule wa tisini na tano, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na Bernado, aliyekuwa diwani tangu watu wasahau alianza lini, akampita Hyasinta kwa kura ambazo mtu angeweza kuzipeta kwenye ungo mmoja. Chama gani na chama gani, hilo tuliache. Vyote viligawa khanga nyepesi ambazo ukizifua mara moja unamwona jirani ng'ambo.

Sasa, pale kwao Bugwema palikuwa na desturi ya kukalia hasara. Mtumbwi ukizama, nyumba ikiungua, ng'ombe wakichukuliwa na wezi, wanawake wanakuja na mkeka. Mwenye hasara anakaa katikati, wanalia naye, wanakula naye. Haondoki pale mpaka vilivyoletwa viishe, na hajiinui mwenyewe. Anainuliwa kwa mkono na mtu aliyetoa kitu kikubwa kuliko wenzake, na mtu huyo anatamka maneno yale yale yaliyotamkwa tangu zamani: "Inuka, kazi yako inakungoja." Ukijiinua mwenyewe, hasara inawafuata nyumbani wote waliokaa nawe. Uchaguzi ulikuwa haujawahi kukaliwa, kwa sababu wanaume walioshindwa miaka yote walikwenda moja kwa moja kulewa.

Hyasinta akakaa. Angefanyaje? Wale ndio waliomzungusha kata nzima kwa miguu, wakilala kwa watu na kula mihogo mikavu. Wale ndio waliompa kura waume zao wakiwa wamewakataza, wakarudi nyumbani na kusema, "Ndiyo, nilipiga ulivyosema," huku wanacheka ndani ya khanga. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaambia machozi yao yamekosea mlango. Na ukweli ni kwamba, katikati ya ule mkeka, moyo wake ulikuwa umetuna kama andazi kwenye mafuta. Mjane mpima mbegu, na wanawake wa kata nzima wamemlilia kama chifu! Bernado alishinda, sawa, lakini nani alimlilia Bernado kwa furaha?

Tatizo lilikuwa kazi.

Hyasinta alikuwa mtumishi wa serikali. Alipima mbegu katika kituo kimoja kidogo cha mbegu pale Mwisenge, Musoma mjini. Kazi yenyewe ni kupanga punje kwenye kitambaa kibichi, kukiviringisha, kukinywesha maji kila siku, halafu kukifungua na kuangalia zipi zimeota na zipi zimekufa ili wakulima wasipande maiti. Aliianza angali msichana. Aliifanya miaka ya vita, akaifanya miaka ya foleni ambapo sabuni ilikuja usiku kutoka Kenya kama mwizi, na sasa aliifanya zama za ruksa, sabuni zimejaa madukani na wa kuzinunua anapita akizitolea macho. Wiki nzima alilala chumba cha kupanga Mwisenge. Jumamosi alirudi Bugwema kwa mama mkwe wake, Boke. Mume alikufa zamani. Ilibaki miaka michache astaafu, na pensheni ile ndiyo ilikuwa bati la nyumba, dawa za Boke na chumvi ya uzeeni.

Hakuwa na mpango wa siasa. Bernado mwenyewe ndiye aliyemwingiza. Kwenye mkutano wa kijiji Hyasinta aliuliza habari ya kalvati iliyoahidiwa mtoni kila uchaguzi, na Bernado akajibu akijishika kitambi, "Mama, wewe pima mbegu. Mambo ya baraza yana maganda magumu." Wanaume wakacheka. Marcelina akasimama akasema, "Basi mama Boni, anza kumpima huyu." Wanawake wakacheka kuwazidi wanaume, na kabla ya mwezi kuisha Hyasinta alikuwa mgombea.

Mtumishi wa serikali haendi kuomba kura huku anakula mshahara wa serikali. Alilazimika kuomba likizo bila malipo. Mkubwa wa kituo, Bwana Wenceslaus, mtu ambaye angekuzungusha siku nzima kuidhinisha ndoo ya maji, likizo hii aliikubali kabla chai yake haijapoa. Na kanuni akamweleza vizuri, bila kuficha.

"Mshahara unasimama kuanzia leo, mama. Miezi ya likizo haihesabiwi kwenye pensheni yako, lakini haikati utumishi wako. Miaka ya nyuma na ya mbele inaungwa. Ukishinda, tutaongea mengine. Ukishindwa, Jumatatu ya kwanza baada ya matokeo nikuone hapa. Nisipokuona, umeacha kazi mwenyewe, na mtu aliyeacha kazi namna hiyo pensheni anaisikiaga redioni tu."

"Nimeelewa, mkubwa. Jumatatu nitakuwa hapa, au nitakuwa diwani."

Wenceslaus akacheka. "Lakini nyinyi wa Bugwema nawajua. Si nimeoa huko? Petronila wangu ananisimuliaga. Mtu akipoteza hata mbuzi, mnakaa chini wiki nzima."

Hyasinta naye alicheka. Kicheko kile kilikuja kumrudia baadaye.

Maana mwaka ule ulikuwa wa kupunguza watumishi serikalini. Kila mkubwa wa ofisi aliambiwa apeleke majina, na kumpunguza mtu kwa haki ni kumlipa na kumtazama machoni. Mtu aliyejipunguza mwenyewe halipwi wala hatazamwi machoni.

Ijumaa, pale mkekani, Hyasinta hakuwa na wasiwasi. Unga ulikuwa unaisha, maharage yalishaisha, na kilio kilikuwa kimegeuka masengenyo, ndiyo dalili kwamba msiba unapona. Aliyetoa kikubwa alikuwa Marcelina, debe la unga wa muhogo. Hyasinta akapiga mahesabu: kesho debe litakuwa tupu, Jumapili Marcelina ataniinua, Jumatatu alfajiri nadandia lori la dagaa, saa ya kazi niko Mwisenge.

Jumamosi mchana lori lilisimama mbele ya mji wa Boke. Akashuka Nassibu, mfanyabiashara wa Bunda aliyenunua dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, na kuwapeleka Musoma, mtu mwenye adabu na shati lililopigwa pasi hata katikati ya vumbi. Utingo akashusha gunia la sukari. Si kifuko. Gunia.

"Shikamoo, bibi," Nassibu akamwambia Boke, akivua kofia. "Poleni kwa yaliyowafika."

"Marahaba. Wewe kijana, sukari yote hiyo umeua mtu?"

"Hapana, bibi, mimi mbebaji. Ametuma Bwana Wenceslaus wa kituo cha mbegu. Anasema poleni sana, na msiharakishe. Lieni taratibu."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mkubwa wa Musoma mzima! Kumbe serikali nayo ina machozi! Marcelina aliweka maji ya chai jikoni hata kabla gunia halijafunguliwa. Ni Hyasinta tu aliyebaki akilitazama lile gunia. Gunia lile lisingeisha kesho, lisingeisha wiki ijayo. Na mwenye kitu kikubwa sasa si Marcelina tena. Ni mtu aliyeko Musoma, ambaye hana haraka hata kidogo ya kuja Bugwema kumwinua mtu.

Hapo ndipo kile kicheko cha ofisini kilipomrudia.

Jumapili, wengine walipokwenda kanisani kumwombea, alibaki na Boke. Boke alizaliwa Tarime, akaletwa Bugwema na mume, na ingawa meno yalikuwa yamepungua, ulimi ulikuwa umebaki wote. Tangu gunia lifike alikuwa amehamisha kigoda chake karibu nalo, eti anakimbia jua, na jua lilikuwa upande huo huo.

"Mama," Hyasinta akasema, "nataka uniinue leo."

"Mimi? Nilitoa nini? Nilitoa vibuyu viwili vya kunywea. Anainua mwenye gunia, akipenda hata kabla halijaisha."

"Mwenye gunia haji."

"Basi tutakunywa chai mpaka aje." Boke akakoroga kikombe chake. "Mimi sina haraka. Desturi si mimi niliyeitunga."

"Nisipofika kazini kesho, mama, pensheni imekwenda."

"Hiyo pensheni unaitajaga sana. Ni kitu gani hasa?"

Hyasinta akafikiri. Kwa mama mkwe wa Tarime ilibidi aanzie mahali anapopajua.

"Ni ng'ombe, mama. Niko naye serikalini. Kila mwaka ninaofanya kazi, ananenepa. Siruhusiwi kumkamua sasa. Siku nikizeeka nikaacha kazi, wananiletea maziwa yake kila mwezi, mpaka nife."

Kijiko kikasimama. "Una ng'ombe miaka yote hiyo na hujaniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema mambo ya ofisi yanakuletea usingizi."

"Na hii miezi uliyokuwa unaomba kura?"

"Hakula. Alifungwa tu kamba akanisubiri. Amekonda kidogo lakini yuko hai, na nikirudi anaendelea kunenepa pale alipoishia."

"Na usiporudi kesho?"

"Wanamfungua, anakwenda. Simwoni tena."

Boke aliweka kikombe chini. Akaligeukia gunia akalitazama kama mtu anayemkuta nyoka kitandani.

"Huyo Wenceslaus," akasema polepole, "ni mwizi wa ng'ombe."

"Ni mkubwa wangu, mama."

"Mwizi wa ng'ombe! Mimi nimekulia kwa wezi wa ng'ombe, nawajua kwa harufu. Mwizi mwenye akili haji na mkuki. Anawarushia mbwa nyama, mbwa wakiwa wanakula yeye anafungua zizi. Hii sukari ndiyo nyama yenyewe."

"Na mbwa ni nani?"

"Si mimi? Tangu jana nalamba vikombe!" Akajipiga paja. "Ng'ombe huyo ni wako peke yako?"

"Ni wetu, mama. Maziwa tutakunywa wote."

Boke akainuka bila kushika kiuno, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika. Waliporudi wa kanisani aliwakuta njiani.

"Wanawake! Aliyetoa kikubwa ni nani?"

"Bwana Wenceslaus!"

"Na anayeinua ni nani?"

"Ni huyo huyo!"

"Sasa maskini amechelewa, pengine miguu inamuuma. Kesho tunampelekea mkeka."

Marcelina, ambaye kwenye mambo ya desturi hana mchezo, akashika kidevu. "Bibi, mkeka wa hasara ulishatoka lini nyumbani kwa mtu?"

"Mtumbwi wa Kwangu mvuvi ulipozama, tulikalia wapi?"

"Mwaloni."

"Kwa nini si nyumbani kwake?"

"Kwa sababu... hasara ilikuwa mwaloni."

"Basi hasara ya huyu iko Mwisenge, kwenye kituo cha mbegu, na kesho ndiyo inazama." Akawaeleza habari ya ng'ombe. Alipofika kwenye kamba kufunguliwa, wanawake wale waliokuwa wakimsifu Wenceslaus tangu jana walianza kumtaja kwa majina ambayo padri asubuhi ile alikuwa amewakataza.

Jumatatu alfajiri lori la Nassibu lilipotokea likitoka mwaloni, lilikuta mkeka katikati ya barabara na Hyasinta amekaa juu yake, mikono mapajani, kichwa juu.

"Bibi, jamani," Nassibu akamlalamikia Boke, "mimi yule mtu nafanya naye biashara."

"Si wewe uliyebeba sukari ya msiba?"

"Ni mimi."

"Basi beba na msiba wenyewe. Nusu haibebwi."

Wakashika ncha za mkeka, wanne, wakamnyanyua Hyasinta pamoja nao ili miguu yake isiguse ardhi. Marcelina akaguna chini ya mzigo. "Mama Boni, kura zilipungua, lakini uzito Mungu hakukunyima." Wakampandisha juu ya magunia ya dagaa, wakapanda na wao, na Boke akapanda na sukari, akaikalia.

Kila kijiji walichopita watu walisimama, wanaume wakavua kofia. "Poleni! Nani amefariki?"

"Bado hajajulikana!" Boke akawajibu. "Tunakwenda Musoma kumwangalia!"

Hyasinta hakucheka. Upepo ulimpiga usoni, dagaa walinuka, na kote barabarani wanawake waliokuwa mashambani walimtambua, wakanyoosha majembe juu. Wakati wa kampeni alipita njia hii kwa miguu akiomba. Leo alipita juu, amebebwa, haombi kitu kwa mtu. Akalikaza vizuri lemba lake.

Mwisenge waliingia watu wanafungua maduka. Walioona mkeka unabebwa kwa kilio waliacha maduka wakafuata. Walipofika uani kwa kituo cha mbegu, Bwana Wenceslaus alikuwa amesimama barazani na kikombe cha chai, anawaambia watumishi wake kwa sauti ya masikitiko kwamba Mama Hyasinta, kwa bahati mbaya, inaonekana ameamua kuacha kazi. Sentensi hiyo hakuimaliza. Mkeka ulitua miguuni kwake.

"Hyasinta! Hii ni ofisi ya serikali!"

"Ndiyo, mkubwa. Shikamoo. Nimeripoti."

"Umeripoti ukiwa umekaa chini?"

"Ningesimama, mkubwa, lakini unajua desturi yetu. Wewe mwenyewe umeoa kwetu. Aliyetoa kikubwa hajaniinua."

Watumishi wakatazamana. "Alitoa nini?" mmoja akauliza.

"Gunia la sukari!" Boke akalipigapiga lile gunia ambalo lilikuwa limeshushwa pamoja naye. "Zima! Mwanangu huyu ana huruma mimi sijaona. Diwani mwenyewe alileta kuku mmoja, tena ana kikohozi. Huyu akatuma gunia, akasema tusiharakishe, tulie taratibu, tukae tu, hata Jumatatu ikitupita."

Wale watumishi walikuwa watu wazima. Kila mmoja wao alikuwa analala vibaya mwaka ule kwa ajili ya majina. Mmoja baada ya mwingine waliacha kumtazama Hyasinta wakaanza kumtazama mkubwa wao.

"Nilitoa kwa... kwa ubinadamu," Wenceslaus akasema.

"Na sisi tumekuja kuupokea. Nyoosha mkono, baba."

Hakuunyoosha. Alitazama lango: limejaa watu wa sokoni. Alimtazama Marcelina, na Marcelina akamwambia kwa upole kabisa, "Petronila mkeo ni dada yetu, shemeji. Mchana tunapita kwake. Tumwambie hasara tumeiacha mlangoni kwako?"

Mtu anaweza kusoma mpaka akapewa kiti cha kuzunguka, lakini akioa Bugwema desturi za Bugwema zinahamia chumbani kwake. Na katika mwaka ule wa majina hata mkubwa hakuwa na hakika kama jina lake halikuandikwa na mkubwa mwingine mahali fulani. Hasara ya mtu mwingine mlangoni, mwaka huo, nani aitake?

Akaweka kikombe chini. Akanyoosha mkono. Hyasinta akaushika.

"Maneno," Boke akamkumbusha.

Wenceslaus akasema chini chini, "Inuka."

"Yote, baba. Na sauti itoke, mimi masikio yamezeeka."

"Inuka!" akasema. "Kazi yako inakungoja."

Hyasinta akainuka. Magoti yalimwuma kwa kukaa siku zote zile, lakini hakuyashika. Alijinyoosha mpaka mwisho wa urefu wake, akakung'uta magamba ya dagaa kwenye khanga, akapita kati ya watumishi wenzake, nao wakampisha kama anavyopishwa bibi harusi. Koti lake jeupe lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari wake. Akalivaa. Mezani vitambaa vya mbegu vilikuwa vimekauka kau, hakuna aliyevinywesha tangu aondoke. Akachukua kopo, akaanza kuvimwagia maji. Nje kilio kilikuwa kimegeuka vigelegele, na yule mtumishi aliyeuliza habari ya gunia alikuwa ameshachukua birika kubwa la ofisi, anamwomba Boke sukari.

Jioni alipotoka aliwakuta wote wamemsubiri kando ya barabara, mkeka umekunjwa, gunia limelegea. Mwisenge nzima ilikuwa imekunywa chai.

"Ng'ombe yupo?" Boke akauliza.

"Yupo, mama. Amekonda miezi michache tu."

"Atanenepa. Na ule uchaguzi mwingine?"

Hyasinta aliyatazama yale macho yote yaliyomwelekea, mekundu kwa kilio na vumbi na kicheko.

"Ule mwingine nitakuwa nimestaafu. Sitamwomba mtu likizo. Nitasimama na ng'ombe wangu nyuma yangu."

"Na tukishindwa tena?" Marcelina akauliza.

Boke akaukwapua ule mkeka, akauweka begani mwake mwenyewe.

"Tutakaa. Ila safari hiyo mtafute mkubwa wa mchele. Chai imenitosha."